Paa Tuliloyavika Mashu

Tuliokuwa katika nyumba ile ni hawa: mama yangu mzazi, Ngoie Kabulo, mwenye nyumba, mimi binti yake, mume wangu Banza, wa kiwanda cha Shituru, na watoto wetu wawili, Mwape na mdogo wake Kalenga. Ng'ambo ya njia alikaa Mama Kisimba, wa kanisa la maombi. Hakuwa ndugu wa damu, lakini hakuna sufuria yetu ambayo hakujua iko na nini ndani. Hao ndio. Wengine wote watakaosema walikuwepo, walifika baadaye, kula.

Nimewakumbuka kwa sababu juzi mjukuu wangu alinipeleka kwa pikipiki upande ule wa Kamatanda, nikaone pale nilipozaliwa. Nyumba hakuna. Bustani hakuna. Kuna mashimo, na vijana wachimba madini wanatoka ndani wekundu kwa vumbi, na kijito kimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kulia. Nilisimama ukingoni nikavuta hewa, nikatafuta harufu ya nyasi za zamani zilizokula moshi.

Harufu ile ndiyo utoto wangu. Paa letu lilikuwa la nyasi, baba yangu marehemu aliliezeka, na moto wa mama ulikuwa umelifanya jeusi kwa ndani kama chungu cha bukari, ugali wetu. Jino likinitoka, mama alinisimamisha uani, nimeipa nyumba mgongo, nilitupe juu ya paa nikisema: "Chukua la bovu, nipe la nguvu." Meno yangu yote ya utoto yalilala mle. Na asubuhi za baridi, mwezi wa sita, wa saba, tulishuka dembo, lile bonde la chini ambako maji hayakauki, miguu mitupu, umande unauma kama siafu, kunywesha lenga-lenga, mchicha wetu, na vitunguu. Tukirudi, viazi vitamu vilikuwa vinatungojea katika majivu, na munkoyo ya jana, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, katika kibuyu, tamu mpaka unafumba macho.

Sasa njoo miaka ile ya tisini. Kiwanda kilianza kukohoa, kisha kikanyamaza. Wanaume wa kambi ya wafanyakazi, tulikokaa na mume wangu, walivaa nguo za kazi kila asubuhi wakaenda kukaa mbele ya geti, wakingojea mshahara na unga. Mume wangu naye alikaa. Mama akatuma neno: "Kungoya haina kazi. Mukuye mulime." Tukabeba magodoro tukaenda. Msimu ule wa baridi tulikuwa na matuta ya mashu, yale kabichi ya kufunga kichwa, na nyanya kidogo. Kitu kingine cha kula hatukuwa nacho. Mume wangu alishasema: bustani ikifa, tunarudi kambini kungojea kama wengine. Mama alikaza tu kitambaa kichwani.

Upepo ukaja. Ulitoka kusini, mkavu, ukapiga siku juu ya siku. Ulichukua beseni, ulichukua kuku, uling'oa mlango wa choo ukaupeleka ng'ambo. Mama Kisimba akaurudisha kichwani, anacheka: "Mama Ngoie, choo yenu inatembea! Imekuya kwangu kuomba chumvi!" Watoto midomo ilipasuka, tukawapaka mawese.

Halafu mchana mmoja upepo ukakatika. Sisi tukashangilia. Mama alitazama juu, mbingu tupu, bila wingu.

"Mupepo inalala, baridi njo inaamuka," akasema. "Kesho dembo itakuwa nyeupe."

Hapo tukaelewa. Umande ukiganda juu ya jani, jua likitoka jani linakuwa jeusi, limeiva bila moto. Na kufunika kwa nini? Upepo ulikuwa umefagia kila kitu, na moto wa pori ulishakula nyasi zote za mlimani. Mama akageuka, akaitazama nyumba.

"Baba Mwape, panda."

"Wapi, mama?"

"Juu ya nyumba. Utoe majani."

Mume wangu alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Kwetu mukwe hata mlango wa chumba cha mama mkwe haukaribii. "Mama, miye mukwe wako, nipande juu ya chumba yako, nione kitanda yako?"

"Kitanda yangu iko na miguu ine sawa ya kila muntu."

"Na nyumba ya marehemu, tuivule nguo?"

"Marehemu aliijenga sababu batu bakulie ndani. Kama hakuna ya kula, ni nyumba ya nini? Mvua iko mwezi ya kumi. Njala iko kesho." Akaingia ndani, akatandaza kitenge chake juu ya kitanda, akatoka. "Sasa hakuna kitu ya kuona. Panda!"

Akapanda. Nyasi zikaanza kushuka, mafungu meusi, na harufu ile ikajaa ua mzima. Mimi nilichomeka vijiti vya panda katika matuta, mama alilaza nyasi juu yake, akiyavika mashu moja moja kama anavika watoto wa ubatizo. Watoto walibeba huku wakipekua. "Mama, meno yako iko wapi?" Hawakuyapata. Yalishuka na nyasi, yakaenda katika matuta.

Mama Kisimba akaja kusimama njiani, mikono kiunoni. "Eeh, Mama Ngoie! Mashu beko ndani ya nyumba, weye uko inje sawa mbuzi!"

"Cheka tu, jirani. Kesho utakuya na hiyo meno kukula hapa."

Paa la jikoni tuliliacha, tukalala mle wote, tumebanana. Asubuhi dembo lilikuwa jeupe kama limemwagiwa unga. Nyanya zilikufa. Tuta la mwisho, lile nyasi hazikulifikia, lilikufa. Lakini tulipofunua mengine, mashu yalikuwa mabichi, yanalia majani ukiyagusa. Mume wangu alikaa chini kati ya matuta. Baadaye alivua nguo yake ya kazi ya bluu, akaivalisha mti, itishe ndege. Habari ya kambi hatukuisikia tena kinywani mwake.

Na Mama Kisimba? Alikuja na beseni tupu. Mama akamwambia, "Karibu. Leo njo beseni yako inatembea?" Wakacheka mpaka wakashikana. Akajaziwa. Na mwezi wa tisa, nyasi ndefu zilizopona moto zilipopatikana kule mbali, yeye ndiye aliyeleta fungu la kwanza, kichwani, kama ule mlango.

Mama amekwenda, mume wangu amekwenda, na paa la pili nalo limekwenda. Kama nimekosea jina, au kama ulikuwa mlango wa kuku, si wa choo, wewe wa upande ule unisahihishe. Mwape anasema nyanya moja ilipona, sawa, naandika. Lakini usiniambie eti pale palikuwa pori tupu. Meno yangu yako chini mle. Wachimbe polepole, yasije yakawauma.