Mjukuu Hamwoni Bibi

Mkamwana wangu ni mchapaji. Vidole vyake vina mbio hata siku moja alimchapia kijana barua ya kuomba kazi, na kijana akaajiriwa kabla karatasi haijapoa. Nani atabisha? Karatasi yenyewe niliishika, ikaniunguza.

Lakini mbio zote hizo ni za vidole tu. Moyo wake ni wa kuku. Tangu mume wake, yaani mwanangu, alipotutoka, mlango ukigongwa yeye hushika kifua. Na hofu yake kubwa kuliko zote ilikaa dukani kwake, pale anapochapa na kutoa kopi, ndani ya kompyuta moja kuukuu. Humo mwanangu alirekodi sauti yake akimsemesha binti yake angali tumboni. Mtoto akazaliwa baba hayupo. Simu ya marehemu haikuonekana tena, na sauti nyingine hatuna.

"Si uihamishe?" watu walimwambia.

"Na nikiifuta kwa bahati mbaya?"

Basi kompyuta ile akawa anaifunika kitambaa kama mgonjwa. Kila asubuhi anaiwasha, anaisikiliza inavyokoroma, anaizima.

Mchana mmoja nikampelekea chakula. Nilipofika mlangoni nikamsikia fundi nyuma ya pazia.

"Dada, Bibi anakwenda huyu. Nachomeka hapa, hasikii. Nachomeka kule, hasikii. Matundu yote yamekufa."

"Usiseme hivyo!"

"Tumfungue kifua tuone, kabla hajakata roho."

Bibi wa nyumba ile ni nani kama si mimi? Nikajipapasa pua na masikio. Matundu yangu yote yalikuwa wazi. Nikalipiga pazia teke, sufuria mkononi.

"Atakayenifungua kifua aanze kwanza na hii!"

Fundi akaruka hadi ukutani. Siku nyingine mkamwana wangu angecheka mpaka akae chini. Siku hiyo alinishika mkono tu.

"Mama, Bibi ni hii kompyuta kuukuu. Ile mpya tunaiita Mjukuu. Sauti ya mwanao imo humu ndani ya Bibi, na Bibi anakufa."

Hapo hofu yangu ya kujipapasa ikaisha, ikaingia hofu yenyewe. Nikaisikia kompyuta. Tik. Tik. Kama kucha inayogonga mlango kutoka ndani.

Fundi akatueleza. Flashi haisomeki, taa yake haiwaki hata kidogo. Kile kisahani cha sidii kimekwama, hakitoki. Imebaki njia moja: kumfunga Bibi na Mjukuu kwa waya, faili livukie upande wa pili. Akachomeka waya huku na huku. Vitaa vikapepesa. Tukangoja.

"Mjukuu hamwoni Bibi," akasema fundi.

Maneno yale yalinichoma. Nilimkumbuka mjukuu wangu wa damu, asiyemjua babake hata kwa kikohozi.

"Amekuwa kipofu?"

"Hapana, Bibi. Samahani, nakuita wewe sasa. Kompyuta hizi za zamani ni kama watu. Zisipokuwa za ukoo mmoja hazitambuani, hata uzifunge waya mmoja. Na jina la ukoo liwe lile lile, herufi kwa herufi. Dada, ukoo wa Bibi unaitwaje?"

"Sijui. Aliuandika marehemu."

"Ngoja nimchungulie. Ila tusimzime. Akizimwa leo haamki."

Kioo kikafunguka polepole, kama jicho la mgonjwa. Tik. Tik. Mkamwana wangu akasoma kwa sauti ndogo:

"CHUMVI."

Akanigeukia. Mwanangu alizoea kuniita Mama Chumvi, eti hadithi zangu zimezidi. Kijana alinisingizia mno.

Mjukuu akaandikwa ukoo wa Chumvi, akazimwa, akawashwa. Alipoamka, jina la Bibi lilikuwa pale kiooni. Faili likaonekana. Ikabaki kunakili.

"Siwezi, Mama. Nikikosea?"

"Vidole vinavyounguza karatasi leo vimeingia baridi?" Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Tukabonyeza.

Mstari wa kijani ukatambaa. Ukasimama. Tik ikanyamaza. Fundi akaziba mdomo kwa kiganja. Nikamwita mwanangu kimoyomoyo, kwa jina la utotoni. Mstari ukajikokota, ukafika mwisho. Na hapohapo Bibi akatoa mlio mrefu, kioo kikawa cheusi.

Nikaonyesha kioo cha Mjukuu.

"Fungua," nikasema.

"Na nikikuta imevuka nusu?"

"Fungua, mwanangu."

Akafunga macho, akabonyeza. Kwanza kelele, kama mvua kwenye mabati. Kisha kikohozi. Kikohozi kile ningekitambua katikati ya soko.

"Mwanangu," sauti ikasema, "bibi yako atakusimulia mengi. Akikwambia sungura alimbeba tembo mgongoni, mjibu hivi: Bibi, punguza chumvi."

Mkamwana wangu akalia huku anacheka, kichwa mezani. Nikakaa juu ya sufuria.

"Tembo wawili," nikaijibu kompyuta. "Na mmoja alikuwa na mimba."