Sanduku la Sita

Sikuota, wala sikuwa na homa. Mume wangu Yohana alikuwepo, na mpaka leo habari hii ikitajwa huinamisha kichwa akajikuna kisogo. Kama huniamini mimi, mwamini yeye, asiyependa hata kuizungumza.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. Yohana alikwisha kuandikisha jina lake kwa karani wa mkonge, na Jumatatu lori lingempeleka Tanga kuwa manamba, kibarua wa mashamba. Nilikuwa na njia moja tu ya kumzuia. Mnunuzi mmoja wa Dodoma alikubali kuchukua mayai ya kijijini kwetu Mungaa, lakini si ndani ya vikapu, maana ya kwanza yalimfikia yamekuwa uji. Alitaka masanduku sita, yamejaa. "Likipungua hata moja," alisema, "gari silitumi."

Basi tukashuka Saranda, penye stesheni, kununua masanduku ya chai yaliyokwisha kutumika, yale ya mbao nyembamba yenye bati pembeni. Niliyachagua kwa pua. Lililonuka mafuta ya taa nililiacha, kwa sababu yai hunywa harufu. Mwenye duka akacheka. "Dada, unanunua sanduku au unachumbia?"

Nilipata matano. La sita mkewe alikuwa amelifanya kitanda cha mtoto, na mtoto alikuwa amelala ndani. Wewe ungemtoa?

Tukaanza kupanda mlima kwenda Kilimatinde, kwao Yohana, na punda wetu wawili. "Tanga si kaburini," aliniambia. "Nitarudi." Wangapi walisema hivyo?

Ilipata saa kumi alasiri. Kwenye kona, kando ya njia, alisimama mtu mzima na sanduku kichwani, kubwa, zima, la mbao nzuri. Niseme kweli: sikumwona mtu. Niliona sanduku.

"Shikamoo, baba. Hilo unauza?"

"Marahaba, binti yangu. Nitue."

"Nitakutua, lakini kwanza tuelewane bei."

Yohana akanivuta kanga kwa nyuma. "Twende," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Usiseme naye."

"Anayetaka kwenda Tanga ni wewe. Niache ninunue."

Yule mtu akatabasamu bila kugeuza shingo, kama wafanyavyo wabeba mizigo, kwa macho tu. "Bei nimeisahau, binti. Nimesimama nalo siku nyingi mno. Nitue."

Niliona haya, nikatazama chini. Hapo ndipo nilipokiona kivuli cha sanduku, kimelala barabarani peke yake. Cha mtu hakikuwepo.

Kwa nini sikukimbia? Miguu ilitaka. Lakini mimi nimebeba maji tangu nikiwa mdogo. Naijua ile saa unapofika uani, shingo inawaka moto, mtungi huwezi kuushusha mwenyewe, na nyumbani hakuna mtu. Nikasema lile tunalosema sote: "Pole na mzigo, baba." Nikainua mikono.

Uzito ule! Niamini, ungedhani wamejaza chuma. "Yohana!" nikapiga kelele. Akaja amefumba macho, akashika upande wa pili. Yule mtu akapiga magoti polepole, tukalitua.

Akashusha pumzi. Akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, kama mtoto anayejaribu kitu kipya. "Asanteni, wanangu," akasema. Tulipoinua macho, ilikuwa barabara tu. Mkononi mwangu ilibaki ngata yake, ile pete ya majani ya kuwekea mzigo kichwani. Ilikuwa mbichi, imelowa, na huo ulikuwa kiangazi ambao hata mbuzi walikosa jani.

Sanduku lilikuwa tupu.

Yohana aliketi chini vumbini, ndipo akaniambia. Yule mtu alikuwa hamali wa wakati wa Mjerumani, aliyefia mlimani na mzigo kichwani. Babu yake Yohana alimkimbia, baba yake alimkimbia, naye mwenyewe akiwa mtoto alimkimbia.

"Mlisikia anachosema?"

"Tulisikia."

"Na hakuna aliyemtua?"

Yohana akalia.

Mayai yalifika Dodoma, na sanduku la sita halikuwa na hata yai moja lenye ufa. Jumatatu lori la mkonge likaondoka bila mume wangu. Akiwa na furaha huwaambia wageni hilo moja tu, kwamba mkewe aliwahi kumwuliza bei marehemu; mengine hayasemi.

Sanduku tunalo bado. Lijaze vitunguu, lijaze mawe, mtoto atalibeba. Ila kila siku, ikifika saa kumi, kuna kitu huikalia shingo yangu, kizito, kisha huondoka. Silalamiki. Nadhani ndiyo bei yenyewe, naye ananitoza kidogo kidogo.

Nawe upitaye njia zetu za zamani, kumbuka zilipandwa na vichwa vingi vyenye mizigo, wala sidhani yule hamali alikuwa peke yake. Ukisikia "nitue", usikimbie. Na usianze na bei kama mimi. Anza na pole.