Mwanafunzi wa Umeme

Tangu mwanafunzi yule arudi Ipogolo likizo kutoka chuo cha Nairobi, alikosomea uhandisi wa umeme, mama yake, Severina, hakumwona akitulia. Aliongea chakula kikiwa mdomoni, na kila aonapo maji yakishuka mahali alichomoa rula yake ya hesabu akapiga mahesabu. Baba yake alisema wazi kwamba chuo kimemharibu. Alasiri moja gurudumu la mbao alilolitengeneza kijana huyo likazunguka katika mfereji wa maji uliopita karibu na nyumba, likaendesha dinamo ya baiskeli, na globu ndogo ikawaka jikoni mlimokuwa na giza. Baba akavua kofia. Wote waliitazama globu, isipokuwa mwanafunzi. Yeye alimtazama mama yake usoni.

“Mama, umeona?”

“Nimeona, mwanangu.”

“Iangalie tena,” alisema, huku akicheka na machozi yakimtoka.