Kikanda Kilichovuka Ziwa

Kwetu Kalemie, mtu akisema anakwenda ng'ambo hakumaanisha Ulaya. Ng'ambo ilikuwa Kigoma na Ujiji, upande wa pili wa ziwa. Ulaya ilikuwa mbali mno kuitwa ng'ambo, na hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kupokea kutoka huko kitu cha kutafuna. Kutoka ng'ambo tulipokea. Mimi nilipokea zaidi ya wenzangu wote wa lise, shule yetu ya sekondari, kwa sababu nilikuwa na rafiki Ujiji, na kwa sababu mama yangu aliuza vyakula karibu na geti la bandari.

Mama alizaliwa Kirungu, juu kwenye milima ya Marungu, akateremka Kalemie kwa kuolewa. Asubuhi aliuza mikate ya kukaanga katika mafuta, mchana karanga, na dada yake wa Kirungu akimtumia mizizi kwa boti ya Moba, aliuza kikanda. Mizizi hiyo ni midogo kama vidole vya mtoto, huchimbwa chini ya maua ya mwituni. Unaianika, unaitwanga, unachanganya unga wake na karanga zilizosagwa, chumvi, pilipili na maji kidogo ya majivu, unasonga, kisha unaoka mpaka kikanda kigandamane. Kikipoa unakikata vipande. Rangi yake ni ya kahawia iliyofifia, na ukikitafuna unaweza kuapa kuwa ni nyama. Nilijua kukipika vizuri, na sikusubiri mtu aniambie.

Rafiki yangu nilimpata kupitia mama yake, mfanyabiashara aliyekuja Zaire kununua vitenge. Alipanga chumba katika ua wetu kila alipokuja, akingojea meli ya kurudi. Sisi tulimwita Mama Ujiji, naye aliitikia. Likizo moja ndefu alimleta binti yake, wa rika langu, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti ambayo mama yangu alisema inasikika mpaka Kabimba.

Siku ya kwanza alinipa mabuyu, mekundu kama damu, yamefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nikatia moja mdomoni nikaliuma kwa nguvu zangu zote.

"Usitafune kokwa!" alipiga kelele. "Mumunya, halafu uteme!"

Nilikuwa nimekwisha kulimeza. Alicheka mpaka akakaa chini. Mchana nikampa mkate wa moto wenye pilipili ya mama, pilipili yetu ya kweli, nami nikapata zamu yangu ya kucheka.

Aliporudi kwao tuliendelea. Kila Mama Ujiji alipovuka, alibeba mkebe wa bati wa binti yake kuja kwangu, na kila aliporudi alibeba mkebe wangu. Kwao zilitoka kashata za karanga, visheti vilivyoganda sukari, na mara moja halua iliyofika imeyeyuka na kujaa nyuzi za mfuko, tukaila hivyo hivyo pamoja na nyuzi zake. Kwangu mwanzoni ilitoka mikate. Jibu likaja kwa mdomo wa mama yake: mikate ilifika migumu, kaka yake ameigongea msumari. Nikatuma ndagala waliokaangwa wakakauka, na pilipili na chumvi, nikiwa na hakika kabisa. Jibu likaja tena: "Anasema asante, lakini hao dagaa si wa ziwa letu hili hili? Anauliza kama unamtumia na maji."

Hapo nikaamua. Nilitaka kumpelekea kitu ambacho Ujiji nzima haijawahi kukiona. Mizizi ilikuwa imefika kutoka Kirungu wiki hiyo. Nilipika kikanda mimi mwenyewe, mama akakionja akanyamaza, na kwa mama yangu kunyamaza ni sifa kubwa. Tulikifunga kwa majani ya ndizi. Mama alipomkabidhi Mama Ujiji pale bandarini, alikuwa na furaha, akasema kwa utani, akikifananisha na soseji, "Hii njo sosiso ya Marungu. Wambie wakule polepole."

Mama Ujiji alicheka, akapanda meli.

Safari iliyofuata alikuja bila mkebe. Alisalimia, akaweka mizigo yake chumbani, akakaa kwenye kigoda karibu na mama, akawa anazungusha bangili mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama nikingoja visheti vyangu.

"Mama," alimwambia mama yangu, "naomba usinielewe vibaya. Kile chakula, mama mkwe wangu amekitupa."

"Kilioza?"

"Hakikuoza. Wanangu walikula, wakakipenda. Bibi yao akauliza ni nini, na mimi kwa ujinga wangu nikasema kama ulivyosema wewe, kwamba ni sosiso ya huko kwenu. Yeye aliwahi kufanya kazi kwa Wazungu zamani. Sosiso anayoijua ni ya nguruwe." Akashusha sauti. "Amesugua vyombo vyote kwa majivu. Amemtapisha binti yangu kwa maji ya chumvi. Amesema kisivuke tena kitu chochote kutoka Zaire kuingia nyumbani kwake."

Sijawahi kumwona mama vile. Aliweka mwiko chini.

"Miye? Miye napikia batoto ba bantu nguruwe? Ile njo mizizi! Mizizi ya maua!"

"Mimi nakuamini."

"Unaniamini, lakini ulimwambia?"

"Nilimwambia. Akasema, mizizi gani inayotafunika kama nyama?"

Wateja walipita, mama hakuwaita. Nilimfikiria rafiki yangu akitapishwa kwa ajili ya kitu nilichokipika kwa mikono yangu, moyo ukawaka, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kikanda changu kilikuwa safi. Mtu yeyote mwenye macho angeweza kukiona kikipikwa kuanzia mwanzo.

"Nitaenda kumupikia," nikasema. "Mbele ya macho yake."

Mama akanigeukia. "Utaenda wapi, weye?"

"Ujiji. Likizo ya Pasaka. Mama Ujiji atanipeleka na atanirudisha."

Nilidhani atanifokea. Alinitazama kitambo, kisha akamtazama mgeni wetu, naye akatikisa kichwa kukubali. "Basi utaniletea chumvi ya Uvinza," mama akasema, akaokota mwiko wake.

Nilisafiri na mfuko wa mizizi mikavu, ambayo haijatwangwa. Nilikataa kubeba unga. Unga unaweza kuchanganywa na chochote. Mzizi ni mzizi. Pale bandarini ofisa mmoja alishika kikaratasi changu cha safari, akachungulia mfukoni, akaniuliza, akiniita mwananchi kwa Kifaransa kama ilivyokuwa desturi ya Zaire, "Sitwayene, unavusha dawa?"

"Ni chakula, papa."

"Cha nani?"

"Cha bibi mmoja ambaye hakitaki."

Akanirudishia kikaratasi.

Rafiki yangu alinipokea Kigoma, akanikumbatia mpaka mfuko ukaanguka. Njiani kwenda Ujiji alinifundisha kusema shikamoo, maana kwetu tulisema jambo kwa wakubwa na wadogo. "Ukimwambia bibi jambo," alinionya, "umekwisha kabla hujawasha moto." Nikalirudia neno lile mpaka likakaa vizuri mdomoni.

Bibi alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, amejifunga kanga mbili, ameketi kwenye mkeka barazani akichambua mchele. Nilipiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alinitazama tangu kichwani mpaka miguuni. "Wewe ndiye mwenye sosiso."

"Ndiyo mimi, bibi. Nimekuja kukuonyesha."

"Katika vyombo vyangu hupiki."

Jibu hilo nilikuwa nimeliandaa tangu nikiwa katikati ya ziwa. "Ninaomba nipike katika vyombo vyako, bibi. Nipe sufuria yako, maji yako, karanga zako, chumvi yako, pilipili yako na kinu chako. Changu ni mizizi hii tu. Ukikaa karibu yangu hakuna kitakachoingia bila wewe kukiona. Nikipika katika chombo changu, utajuaje kilipikiwa nini jana?"

Alinyoosha mkono nikampa mzizi mmoja. Aliunusa, akauvunja, akatia kipande mdomoni akakitafuna kikavu hivyo hivyo, akakitema mkononi na kukitazama. Kisha akamwita rafiki yangu kwa sauti kali. "Leta kinu."

Tulitwanga uani, mimi na rafiki yangu, tukipokezana mchi. Majirani wawili waliingia kuazima ungo, hawakutoka. Bibi alisogeza kigoda chake karibu na mafiga akakaa hapo, mikono magotini. Kila nilichogusa alikitazama. Karanga alizipima mwenyewe.

Nilifika kwenye maji ya majivu nikagundua kuwa sina. Mama huyachuja siku moja kabla. Bibi aliona nimesita.

"Umekwama?"

"Kwetu tunatia maji ya majivu kidogo, ili kishikane."

"Magadi hujui?" Akanipa kibonge cheupe.

Sikuwahi kupikia magadi. Nilitia kidogo sana, nikasonga. Mchanganyiko ukabaki mwepesi kama uji. Nilisonga tena, mkono ukauma, jasho likanidondoka kidevuni, na jirani mmoja akamnong'oneza mwenzake kitu. Hapo ndipo nilipoogopa, mara moja tu katika safari ile yote. Lakini mikono yangu ilijua uji wa mizizi unavyokuwa kabla haujageuka. Nikaongeza magadi, punje tu, nikaendelea. Ghafla mwiko ukawa mzito. Mchanganyiko ukaanza kuvutika kama mpira, ukajitoa pembeni mwa sufuria.

"Kumekucha," rafiki yangu akasema.

Nikasawazisha juu, nikafunika kwa bati, nikachota makaa kuyaweka juu ya mfuniko. Bibi akainuka.

"Ngoja. Unapalia makaa juu?"

"Juu na chini, bibi. Ndivyo kinavyoiva."

Alitazama makaa, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Huu si mkate wa kumimina huu?" Akawageukia majirani. "Mnaona? Anapalia kama mkate wa kumimina." Kisha akaninyang'anya koleo. "Lakini chini umeweka moto mwingi, utaunguza. Moto mwingi ukae juu. Mama yako hakukufundisha?"

Mama alikuwa amenifundisha vizuri, lakini niliacha koleo liende. Tangu hapo kikanda kilikuwa cha bibi. Alipunguza makaa, akaongeza, akapuliza, akatufukuza tulipokaribia sana.

Kilipopoa alikikata yeye. Akasema Bismillahi, akatia kipande kidogo kinywani, akatafuna huku akitazama ukuta. Alitafuna muda mrefu kuliko nilivyoona mtu akitafuna kikanda.

"Kama maini," akasema hatimaye. "Lakini si nyama."

"Si nyama, bibi."

"Nimeona kwa macho yangu si nyama." Akachukua kipande cha pili, kikubwa. "Sasa niambie. Kwa nini mlikiita sosiso?"

"Mama alikuwa anacheka tu."

"Mwambie mama yako asifanye mzaha na chakula cha watu."

"Nitamwambia."

"Na mwambie kimenikolea pilipili." Alimgeukia mjukuu wake, yule aliyemtapisha, akamkatia kipande na kumlisha kwa mkono wake mwenyewe. Rafiki yangu alikipokea akiwa na machozi machoni.

Nilikaa Ujiji likizo yote. Bibi alinifundisha mkate wa kumimina kwa ukali ule ule, akinipiga mkono kila nilipotaka kufunua mfuniko kabla ya wakati. Nilirudi Kalemie na chumvi ya Uvinza na ujuzi huo. Mama akaanza kuuza mkate huo hapo getini, akiuita mukate ya Ujiji, na wafanyakazi wa reli waliushindania kabla ya kupanda treni ya Kabalo. Salamu za bibi nilizifikisha zote. Mama alicheka mpaka akajifuta macho, lakini neno sosiso hakulitumia tena kwa mgeni.

Mizizi ya Kirungu ikawa inavuka kwa magunia madogo. Mikebe nayo iliendelea kwenda na kurudi mpaka tukawa wanawake.

Rafiki yangu aliolewa Kigoma, miaka ya Zaire ikielekea ukingoni. Nilivuka kwenda harusini na mama yangu, ambaye siku hiyo alionana na bibi kwa mara ya kwanza. Waliketi pamoja tangu mchana mpaka jioni, kila mmoja akizungumza Kiswahili chake, na sidhani kama kuna lililowapita. Sinia zilipopita, kwenye moja kulikuwa na vipande vya rangi ya kahawia vilivyopangwa kama maua. Nikachukua kimoja. Kilikuwa laini, kimeiva vizuri, lakini kulikuwa na harufu ambayo haikupaswa kuwapo.

Nikainama sikioni mwa bibi. "Bibi, umetia iliki?"

"Nimetia."

"Kikanda hakina iliki."

"Cha kwenu hakina," akasema, akamsogezea mama yangu sinia. "Hiki ni cha Ujiji."

Mama alichukua kipande, akaonja, akanyamaza.