Shuka Lililolowa na Feni ya Wivu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka vidole bado vinanisisimka.

Tulikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, tumepiga mahema katika uwanja wa shule moja nje ya mji wa Garissa, tukihesabu mifugo. Mwenzetu Noor, mzaliwa wa huko, alivuta umeme kutoka ofisi ya shule kwa waya mnene wa kutumika nje, akaweka feni hemani. Tangu hapo chai ikanywewa kwake, vicheko vikawa kwake, na Mwende, ambaye nilikuwa nikimwandalia maneno matamu tangu basi lipite Mwingi, akahamishia kiti chake huko.

Nikatangaza kwamba joto ni la kuvumiliwa na wanaume. Kesho yake nikaenda sokoni nikanunua feni kubwa kuliko yake.

Waya sikununua. Niliunga vipande viwili vyembamba vya nyumbani, nikafunga kiungo kwa selotepu, nikachomeka ofisini kama Noor, na kiungo nikakipitisha kando ya godoro. Baada ya chakula cha mchana nikalowesha shuka, wanavyofanya wenyeji ili wapate usingizi, nikajilaza kama bwana mkubwa.

Noor akachungulia, Mwende nyuma yake. "Walaal, ndugu yangu, shuka la maji na umeme pamoja? Chomoa kwanza!"

"Unaogopa nitakunyang'anya wageni?"

Mwende akacheka. Nikadhani anamcheka Noor.

Nikanyoosha mkono niusogeze waya. Maji yalikwisha kufika kwenye kiungo. Vidole vikagoma kuachia. Nikamwona Mwende akinijia anivute, na sauti ya kumkataza sina.

"Usimguse! Mwende, usimguse!" Noor akakimbia hadi ofisini, akachomoa plagi.

Nilipopata sauti nilipaswa kusema asante. Nikasema, "Lakini feni yako ni ndogo." Hadi leo namwonea wivu kwa mbio zile, ingawa ndizo zilizotuacha hai mimi na Mwende.

Kwa hiyo, mwanangu, hemani tumia waya mmoja mzima wa nje, uukunjue wote usipate moto, miunganisho ikae juu, pakavu, na chanzo kiwe na swichi inayojikata umeme ukivuja. Mikono ikiwa na maji, usiguse. Mwenzako akinaswa, zima umeme kabla hujamshika. Na ukimwonea mtu wivu, mwombe nafasi mbele ya feni yake. Aibu hiyo haiui.

Mungu akupe marafiki wepesi wa miguu, na ulimi wa kuwashukuru siku hiyohiyo.