Mwaka Ambao Runinga Ilichelewa

Mama hafagii nyumba mtoto wake akiwa safarini. Desturi hiyo alitoka nayo kwetu kijijini Musanda, na hata nilipomhamishia kwangu hapa Shirere alikuja nayo pamoja na kuku wake. Mtu akitoka, ufagio unasimamishwa nyuma ya mlango mpaka isikike amefika. Ukifagia mapema unafagia nyayo zake, na asiye na nyayo atarudi kwa njia gani? Mimi nilikuwa namcheka. Nilimwambia, haya, nikienda sokoni kununua nyanya pia tukae na takataka? Aliniangalia tu, akaendelea kuchambua mboga zake.

Kwa ndugu yangu mdogo desturi hiyo ilikuwa na kazi kweli kweli, maana huyo alijichagulia kazi ya wazimu. Ni mwelekezi katika mbio za magari. Dereva anashika usukani, yeye anakaa kando yake akisoma njia kwa sauti: kona ya kushoto, kona kali, jiwe, kanyaga mafuta, punguza. Gari lenyewe ni kuukuu, mali ya mfanyabiashara mmoja wa Kisumu ambaye huliendesha mwenyewe, na mlango mmoja ni wa kijani kwa sababu ule wa awali ulibaki porini mahali fulani. Mbio kubwa za Naivasha zikikaribia, mama halali. Hata mimi silali, ila mimi nasingizia mbu.

Dawa yetu ilikuwa runinga. Miaka yote, stesheni ya bure ilionyesha mbio hizo moja kwa moja, asubuhi hadi jioni, na helikopta juu ikifuata kila gari, hata yale ya mkiani kama letu. Mama hakuketi. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu, na mlango wa kijani ulipoonekana aliacha kuongea kabisa. Gari likivuka mstari wa mwisho, alipumua. Baadaye ndugu yangu angepiga simu, na hapo mama angechukua ufagio na kufagia kuanzia chumbani hadi uani. Wanafunzi waliopanga vyumba vyangu vya nyuma hujazana sebuleni siku hizo, na walikuwa wakimpigia makofi akianza kufagia. Kwao, hapo ndipo mashindano yalikuwa yameisha.

Mwaka huo hakuna aliyetuambia kwamba mambo yamebadilika. Tuliwasha runinga asubuhi tukakuta mapishi. Tukangoja. Nikawaambia wanafunzi pengine mbio zimechelewa kuanza, barabara zina matope, si mnajua serikali yetu. Mbio zilipoanza hatimaye, zilikuwa za ajabu. Magari matatu ya wageni, halafu matangazo. Magari yale yale matatu, halafu watu wa studio wamevaa suti wakicheka. Helikopta hakuna.

"Wametuchezea hawa!" akafoka mwanafunzi mrefu ambaye hushangilia mpaka jirani wanagonga ukuta. "Tangu lini rali ikawa magari matatu?"

"Na magari ya Wakenya yamepotelea wapi?" mwenzake akadakia. "Kukhu, mwaka huu wametunyima."

Kukhu kwa lugha yetu ni nyanya, yaani bibi, na ndivyo wanavyomwita mama. Alikuwa mlangoni mahali pake, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Gari letu liko wapi?"

Nikamwambia litakuja. Akauliza tena. Nikamwambia litakuja, mama, wacha haraka. Nilimjibu kwa ukali kwa sababu nami nilikuwa nimeanza kuogopa. Nilikuwa nimezoea kuogopa nikiona. Kuogopa bila kuona sikujua kunafanywaje. Macho yako yako hapo kwenye kioo cha runinga na hayana pa kushika, na kila gari linalopita si lako.

Kisha simu ya mama ikalia. Ni yeye! Mama akaweka sauti ya juu, tukanyamaza wote.

"Mama, tumetoka salama," akasema ndugu yangu. "Usiwe na wasiwasi. Mvua imeanza huku, siskii vizuri. Nitapiga baadaye."

Hayo tu, akakata. Lakini wacha nikwambie furaha iliyolipuka mle ndani. Mama alirukia ufagio kama msichana. "Inueni miguu!" akaamuru, na wanafunzi wakainua miguu, wakapiga makofi, naye akafagia maganda ya njugu chini yao, akafagia kizingiti, akatoka nje akafagia uani huku akiimba wimbo wa kanisani. Nikaweka sufuria ya maji ya obusuma jikoni, maana ugali wa siku kama hiyo hauna budi kuwa mkubwa. Nilijiona mjinga kwa kuogopa.

"Anti! Anti, njoo uone! Gari letu!" wanafunzi wakaniita.

Nilikimbia na mwiko mkononi. Mlango wa kijani ulikuwa kwenye kioo, mara ya kwanza siku nzima. Vumbi limetanda nyuma, jua kali. Wameingia tena, nikafikiri, wako kwenye kipande kingine cha mbio. Mama alikuwa amerudi mlangoni na ufagio wake, anatabasamu, na bado alikuwa anatabasamu wakati gurudumu la nyuma lilipogonga jiwe. Gari likainuka upande. Likabiringika, likabiringika tena, mlango wa kijani juu, mlango wa kijani chini, kisha vumbi likafunika kila kitu.

Halafu wakaleta tangazo. La mafuta ya kupikia! Mwanamke mnene anacheka na sufuria.

Miaka ile mingine kamera haikuondoka. Gari likianguka, ingebaki hapo mpaka milango ifunguke na watu watoke wakipunga mkono. Mwaka huo, gari letu halikuonyeshwa likikimbia vizuri hata mara moja. Lilionyeshwa likianguka tu, basi. Niliitukana ile runinga matusi ambayo mama hakuwahi kuyasikia kinywani mwangu, na hakuyasikia hata siku hiyo.

"Nimemfagia," alisema. Alikuwa akiutazama ufagio. "Mayi wee, nimefagia mtoto wangu."

Nilimnyang'anya ufagio nikautupa nje. Nikapiga simu ya ndugu yangu, mteja hapatikani. Nikapiga ya dereva, mteja hapatikani. Nikapiga tena na tena, kwa haraka hata nikabonyeza nambari ya fundi wa mabomba. Mama alikaa sakafuni, kwenye ile sakafu safi, akaanza kutafuta kwa kiganja, polepole, kama mtu aliyeangusha sindano. Nilijua anatafuta nyayo. Mimi niliyekuwa namcheka kwa ajili ya ufagio, niliogopa, kwa sababu wakati huo niliamini kila neno la desturi yake.

Yule mwanafunzi mrefu alikuwa ameinamia simu yake. "Anti," akasema, "ngoja kwanza. Watu wanagombana mtandaoni. Wanasema hii si moja kwa moja. Moja kwa moja imehamishwa kwa ile stesheni ya kulipia. Sisi wa bure tunaonyeshwa ikishapita."

"Ikishapita vipi? Sema kitu kinachoeleweka!"

"Hii tumeona saa hii, ilitokea mapema."

Nilitaka kumfukuza. Lakini nikakumbuka mvua. Ndugu yangu alisema mvua imeanza, na kwenye kioo palikuwa na jua na vumbi. Vumbi haliruki baada ya mvua; ile simu ilikuja baadaye. Gari lilianguka kwanza, na baada ya kuanguka aliongea, tulimsikia kwa masikio yetu.

"Mama! Yuko hai! Alipiga baada ya kuanguka! Hujamfagia!"

Wanafunzi walipiga kelele za furaha, mmoja akanikumbatia na mwiko wangu. Mama hakushangilia. Alikaa pale pale akilipanga jambo kichwani, nami nikaona uso wake ukikunjamana kidogo kidogo.

"Kwa hivyo," akasema, "aliponiambia ametoka salama, alikuwa ameshaanguka."

Hapo kelele zikaisha. Na hofu ikarudi, mbaya kuliko ya kwanza. Salama gani ambayo inazima simu? Ana miguu? Anaona? Ile sauti yake ilikuwa chini, sasa nilikumbuka, chini sana kwa mtu aliyezoea kupiga makelele. Wanafunzi wakatoka mmoja mmoja. Ugali sikuupika. Runinga iliendelea na magari yake matatu mpaka mimi mwenyewe nikaizima.

Ndugu yangu alipiga jioni, kwa simu ya mtu mwingine. Mama aliichukua akaweka sauti ya juu, bila salamu.

"Uko wapi?"

"Hospitali, mama. Ni mkono tu. Wameufunga. Na dereva ni mzima."

"Na uliponipigia mchana, ulikuwa wapi?"

Nilisikia kitanda cha magurudumu kikipita huko aliko.

"Nilikuwa bado ndani ya gari," akasema. "Mlango ulikuwa haufunguki. Walikuwa wanatafuta chuma cha kuuvunjia."

Mama alifumba macho.

"Tuliambiwa mwaka huu hamtaona moja kwa moja," ndugu yangu akaendelea. "Nikajua hutaona. Nikasema kuliko uhangaike..."

Mama alinipa simu, akaenda kulala na nguo zake za mchana.

Ndugu yangu aliporuhusiwa kutoka hospitali alikuja moja kwa moja Shirere. Ufagio nilioutupa ulikuwa umerudishwa nyuma ya mlango tangu ile siku, na nyumba ilikuwa jaa: maganda ya njugu, maganda ya miwa, manyoya ya kuku, wageni wanaruka takataka na mimi naona aibu. Nilijaribu kufagia mara moja, mama akanitazama, nikaurudisha. Ndugu yangu alisimama kizingitini, mkono kwenye plasta, anatabasamu ile tabasamu yake ya kuomba chakula.

"Mama, si unaona nimefika?"

Mama alimshika uso kwa viganja vyote viwili, akamgeuza huku na huku, akampapasa shingo, mabega, mbavu, kama anayenunua ng'ombe. Akalia kidogo. Kisha akafungua mlango mpaka mwisho, akatoa ufagio, akampa.

"Fagia."

"Na mkono huu?"

"Na huo mwingine."

Akainama akaanza kufagia kwa mkono wa kushoto, vibaya, takataka zikimkimbia. Mama aliketi. Sikuwa nimewahi kumwona akiketi wakati wa kufagia. Alimtazama mpaka alipomaliza sebule na kufika mlangoni, ndipo akamuuliza, kwa upole.

"Na zile mbio ndogo ambazo runinga haionyeshangi kabisa? Za Eldoret, za Kajiado, ulizonipigia ukasema umetoka salama, nami nikafagia?"

Ndugu yangu hakuinua kichwa. Alirudi ndani akaanza kufagia tena sebule, ambayo ilikuwa safi.