Jani Nililolichimbua Kabla ya Wenzangu

Niliiba jani. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi nilicheka nilipoliandika neno hilo mara ya kwanza, kisha nikatambua kwamba kicheko hicho ndicho kilichonifikisha hapa. Lilikuwa jani lililogeuka jiwe, refu kama kiganja cha mtu mzima, na aliyeliona kwanza si mimi. Kosa ni langu peke yangu. Majina nimeyabadilisha, mambo sikuyabadilisha.

Nina miaka hamsini kasoro miwili. Nilisoma jiolojia chuo kikuu, nikahitimu vizuri, na tangu siku ile sijawahi kuitumia. Nasimamia ghala la vigae kule Masoro. Mawe nayajua kwa majina yake ya kisayansi, na nayauza kwa mita za mraba. Mtu wa namna hii hubaki na elimu isiyo na kazi, na elimu isiyo na kazi huoza ikawa dharau.

Tulikuwa watu tisa hapa Kigali, wapenzi wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa maweni. Tulikutana kwenye kundi la simu. Wengi wao niliwadharau, na sitakuficha, wachache nawadharau hadi leo. Kutubu hakujanifanya malaika.

Tulipoanza kupanga safari yetu ya kwanza, mjadala wa brosheti, yaani mishikaki, ulichukua siku nne. Nani atabeba, zitachomwa wapi, mbuzi au ng'ombe. Neema, Mtanzania, mhasibu katika ofisi moja mjini, alitaka tuvae fulana zenye picha ya dainosaria. Nilimwandikia aya tatu nikimweleza kwamba mawe mengi ya Rwanda ni ya zamani kuliko mnyama yeyote mwenye mifupa, na kwamba tungejiaibisha. Akajibu kwamba fulana haiendi kufanya mtihani. Kundi zima likamcheka mtu mmoja, na mtu huyo si Neema.

Hao ndio wenzangu. Jiwe lenyewe tulilijadili Jumapili moja tu, nyumbani kwa Neema, na aliyelileta mezani ni Mzee Swaibu.

Swaibu ni fundi cherehani wa Niboye, Mwislamu wa hapa hapa Kigali ambaye babu yake aliletwa na biashara kutoka pwani. Amepita miaka sitini. Shule aliiacha darasa la sita. Alikuwa amekwenda upande wa Rusizi, magharibi mwa Rwanda, kupeleka nguo za harusi ya jamaa yake, akapita kwenye machimbo madogo ya chokaa karibu na chemchemi za maji ya moto. Maji yale hugandisha chokaa juu ya kila kinachoanguka humo. Mzee akawauliza wachimbaji kama huwa wanaona picha ndani ya mawe. Wakampeleka kwenye kona moja ya ukuta wa mwamba, wakisema pana madoa; yeye akaona jani.

Hakuligusa jani lile kwa chuma. Alitandaza juu yake karatasi ya kukatia nguo, akalichora kwa penseli mshipa kwa mshipa, kama anavyochora kola ya shati. Kisha akapima kwa utepe wake kutoka kwenye ufa hadi jani, na kutoka chini hadi jani, akaandika.

Alipotuonyesha karatasi ile, nilimuuliza kwa nini hakuja na jiwe lenyewe.

"Iko ndani ya ukuta, Enjenyeri," alisema. Huniita hivyo, ingawa mimi si mhandisi. "Nikitoa, nitasema nini mutu akiuliza ilikuwa wapi?"

Ilikuwa kanuni ya kwanza ya fani yangu, na ilitoka kinywani mwa mtu aliyejifunza kwa kupima mabega ya watu. Ningepaswa kusimama na kumpa mkono. Badala yake nilikasirika, nikatafuta kosa kwenye mchoro.

Palikuwa na haraka. Ushirika wa wachimbaji ulikuwa ukiusogelea ukuta ule kila siku. Swaibu alikuwa amembembeleza mwenyekiti wao aiache ile kona, naye akakubali kusubiri hadi Jumamosi ya safari yetu, kwa sharti moja: aje mtu wa kitaalamu, aone kwa macho, aandike barua. Asipoona kitu, Jumatatu kazi inaendelea. Mimi ndiye niliyemwandikia mtafiti mmoja kijana, mwanamke tuliyemwita Dokta tu, naye akaahidi kuja.

Kwa sababu ya shahada yangu, kundi likanikabidhi mipango yote. Nikachagua tarehe ya kuikwepa Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za jamii, nikatafuta gari na mahali pa kulala. Nikaandika pia masharti ya safari, na la kwanza lilisema: atakayetangulia kukagua njia asiguse chochote. Nililiandika kwa mkono wangu!

Nilitangulia kukagua njia siku ya Jumatano, wiki mbili kabla. Mwenyekiti alinionyesha kona ile, akarudi kwenye shughuli zake.

Jani lilikuwepo. Mshipa wa katikati ulisimama kama uzi uliotiwa wanga, mingine ikitawanyika hadi ukingoni, na pembeni yake palikuwa na gamba la konokono dogo kama kifungo. Nilikaa mbele yake nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeihisi tangu chuoni.

Kisha nikaanza kujiambia mambo. Kwamba Neema ataliegemea apigwe picha. Kwamba mjinga mmoja atakuja na nyundo. Kwamba sifa zote zitamwendea fundi wa nguo. Hilo la tatu ndilo lililokuwa kweli. Yale mawili niliyatanguliza ili yalifunike.

Nikatoa patasi. Nilitumia saa nzima. Gamba la konokono lilisagika kwa pigo la tatu, nami nikaendelea. Nilipolitoa jani, nikalizungushia sweta, nikakoroga tope la chokaa, nikaziba shimo, nikalisawazisha kwa uangalifu ambao mwajiri wangu hajawahi kuupata kwangu hata siku moja.

Jumamosi ya safari ikafika. Tulilala Kamembe, mji wa Rusizi, usiku wa kuamkia siku hiyo, na asubuhi tukawa machimboni, fulana za dainosaria zikiwa vifuani. Swaibu hakuvaa ya kwake. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akatangulia na Dokta.

"Ni hapa, Dokta. Kutoka kwa huu ufa."

Akatoa utepe. Akapima. Akasimama. Akapima tena kutoka chini, akaupapasa ukuta kwa kiganja, polepole, kama mtu anayetafuta donge ndani ya godoro. Akapiga magoti. Neema akamuuliza kwa upole kama labda ni upande wa pili. "Oya, hapana," alisema Swaibu. "Ni hapa." Mwenyekiti akaapa kwamba hakuna mchimbaji aliyegusa kona ile. Dakika kumi zilipita, na katika kila dakika nilikuwa na nafasi ya kufungua kinywa.

Dokta ndiye aliyenigeukia. Aliniuliza kama nililiona jani nilipokuja kukagua njia.

"Niliona madoa ya kutu, Dokta," nilisema. "Mwanga ukiwa mbaya, mtu huona anachotamani. Na macho ya umri ule, unajua."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kitaalamu, na mtu mmoja nyuma yangu akacheka kidogo. Nikafurahi kwamba amecheka.

Swaibu alinitazama. Hakukuwa na shaka yoyote usoni mwake juu yangu, laiti ingekuwepo! "Yego, Enjenyeri," alikubali. "Labda." Akakunja utepe wake.

Dokta akaomba kuipiga picha karatasi yake, nadhani kwa adabu tu, kisha akamweleza mwenyekiti kwamba hana cha kuandika. Jumatatu wakaanza. Hadi mwisho wa wiki ukuta wote ulikuwa umekwenda tanurini.

Mimi nilikuwa na jani langu nyumbani kwangu Rebero, kabatini, chini ya mashati. Lakini jiwe lisiloonwa na mtu halimpi mwizi wake raha. Nilivumilia miezi miwili, kisha nikalipeleka kwa Dokta, nikamwambia nimeliokota penye kilima kilichokatwa ili barabara ipite, upande mwingine kabisa wa nchi. Nilitaka liandikwe kwa jina langu. Naam, nilitaka hivyo, na nilikuwa nimevaa tai.

Aliligeuza mkononi kwa muda mrefu. Kisha akafungua simu yake, akaitafuta picha ya karatasi ya Swaibu, akaiweka kando ya jiwe. Alinielekeza kwa kalamu tu: ncha iliyokatika, mshipa uliopinda, na ukingoni kushoto, tundu dogo.

"Mdudu alilila jani hili likiwa bado bichi," alisema. "Mzee alilichora hata tundu lake."

Nilianza kueleza. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Ungeliacha pale ukutani, lingekuwa na tabaka lake, tungejua ni la zamani kiasi gani na liliishi na nani. Sasa ni jiwe la kukandamizia karatasi. Mimi silipokei. Mpelekee mwenyewe."

Nilisubiri siku tisa kabla ya kwenda Niboye. Kila siku nilijipa sababu, na zote zilikuwa za mtu aliyesoma.

Nilimkuta Swaibu akishona sare za shule, mishono mirefu iliyonyooka. Nililiweka jiwe kwenye meza yake ya kukatia, nikamweleza kila kitu, pamoja na tope la chokaa. Aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Siku ile uliniona nikitafuta," alisema.

"Nilikuona."

"Muda wote."

"Muda wote, Mzee."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejumlisha vipimo. Nilitarajia anitukane, ningelipokea tusi kama dawa. Akaanza kunieleza mambo ambayo sikuwa nimeyauliza. Kwamba tangu siku ile ya machimboni ameacha kushona suti. Kwamba kanzu za tarizi hazipokei tena, na watu wa harusi amewapeleka kwa fundi mwingine, kwa sababu mtu anayeona jani pasipo na jani atakata vipi kitambaa cha mwenzake? Alimwambia mkewe kwamba anapofuka. Mkewe akampeleka hospitali.

"Muganga aliniambia macho iko sawa," alisema. "Sikumuamini. Nilikuamini wewe, sababu umesoma."

Akainuka kutoka kwenye cherehani, akachukua mkasi wake.

"Ondoa hiyo jiwe kwa meza," alisema. "Nataka kukata."

Nikaliondoa. Akatandaza kitambaa cheusi cha suti juu ya meza ile, akachukua chaki, na mkono wake ukasita kidogo kabla ya mstari wa kwanza. Niliuona ukisita. Kisha nikatoka.

Habari zilipolifikia, kundi lilinitoa; Neema alifanya hivyo bila kuandika neno, na ni haki yake. Nasikia wanapanga safari nyingine, na Swaibu ndiye anayeiongoza. Jiwe ninalo bado. Hakuna anayelitaka, hata mimi.

Basi wewe mwenye vyeti, unayeketi katikati ya watu na kuwahesabu wajinga mmoja mmoja, nakuonya kwa kuwa nakufahamu kuliko unavyodhani. Watu unaowadharau hawakudharau wewe. Ukiwaambia kwamba walichokiona hakikuwepo, wataenda nyumbani, watajifungia, na watayakana macho yao wenyewe kwa sababu wewe umesema.

Hilo ndilo uliogope. Watakuamini.